Watoto wa pumu nao wapewe siku yao ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie watoto wetu wenye pumu, na naomba barua isikatwe sana maana jambo hili nnalo moyoni tokea msimu wa karafuu uliopita. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa huku Wete, Pemba, nauza maandazi na chapati asubuhi, si daktari wala si nesi. Ninachokijua nimekijua kwa mwanangu wa tatu ambae sasa ana miaka tisa na kifua kimeanza kumbana tokea ana mitatu.

Kwa ambae hajapata kuuona ule usiku nitamuelezea. Mtoto kalala vizuri, kula kala, kucheza kacheza, inafika saa saba saa nane anaanza kukohoa, kikohozi kikavu hakimalizi, mara anainuka anakaa kitako mwenyewe hataki tena kulala, mabega yamepanda, ukisogeza sikio unasikia kifua kinapiga miluzi, halafu ngozi ya baina ya mbavu inaanza kuingia ndani kila akivuta pumzi. Unamuuliza kitu anakujibu neno moja moja, hawezi kumaliza sentensi. Hapo baba yake anakwenda kumgongea jirani mwenye honda, mimi namfunga mtoto kwa kanga ili asipigwe na upepo, na mvua kama ipo ipo, tunakwenda hivyo hivyo na mimi mkono wangu uko kifuani kwake njia nzima nahesabu kama bado anapumua.

Tukifika anawekewa mashine ya mvuke, pengine na sindano, baada ya saa moja mbili anaomba maji, anaanza kuuliza kesho kutakuwa na skuli. Alfajiri tunarudi nyumbani na karatasi ya dawa. Na hapa ndipo lilipo jambo langu Mhariri: karatasi ile ina majina ya dawa lakini haina tarehe ya kurudi. Karibu miaka minne nimekwenda na kurudi namna hiyo, kila safari daktari mwengine, kila safari daftari linaanza upya, maswali yale yale kaanza lini, kwenu nani ana pumu, na kila safari antibaiotiki na salbutamoli, ile dawa ya kufungua kifua, ya maji au ya vidonge ambayo ikimuingia mikono inamtetemeka na moyo unamwenda mbio mpaka unauona kwenye fulana. Siku hata moja hakutokea mtu akaniambia mama, huyu mlete akiwa mzima.

Siwalaumu wale wa zamu ya usiku, wallahi wamenisaidia, mwanangu yupo hai kwa sababu yao. Lakini mtoto mchanga ana kadi yake, anapimwa uzito, nukta inawekwa, ukikosa mwezi unaulizwa. Mjamzito ana siku yake. Mwenye kifua kikuu anafuatwa mpaka nyumbani amalize dozi. Wazee wa presha na sukari wana siku yao ya kwenda. Mtoto wa pumu hana siku, siku yake ni ile aliyokwishabanwa. Na haya si maradhi ya wiki moja, haya mtoto anaishi nayo, ndio maradhi sugu yanayowapata watoto kuliko mengine yote duniani, sasa itakuwaje maradhi ya miaka yatibiwe kwa saa mbili za usiku halafu kwaheri?

Kilichonisaidia mimi ni daftari la madeni. Mwenye kuuza maandazi lazima awe na daftari, fulani kachukua kumi, fulani kalipa nusu, na kwa kuwa daftari liko karibu na kitanda nikaanza kuandika na usiku aliokohoa mtoto, kwanza alama tu pembeni, baadae nikawa naandika na saa na nilichompa. Sikuwa na nia kubwa, nilikuwa nataka siku nikiulizwa kaanza lini niwe na jibu. Ikapita karibu mwaka. Siku moja nimekwenda kwa shughuli nyengine kabisa, nimempeleka mdogo wake kutazamwa sikio, daktari mmoja kijana wa kike akamsikia kaka yake anavyokohoa kwenye benchi akaniuliza huyu kikohozi hichi ana muda gani. Nikatoa daftari. Akalisoma lote Mhariri, na madeni ndani yake, foleni iko nje.

Kitu cha mwanzo hakusema pumu. Alisema kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kwanza kitazamwe kama si kifua kikuu, akaulizia kama nyumbani kuna mtu mzima anakohoa, mtoto akapimwa, hakuwa nacho alhamdulillahi. Akampima uzito na urefu, akamsikiliza kifua, ndio akakaa na mimi akanieleza kitu ambacho miaka minne yote sikuwahi kuelezwa. Kwamba mirija ya pumzi ya mtoto wa pumu inakuwa imevimba kwa ndani hata siku anazoonekana mzima, imevimba na inatoa belghamu nzito, kwa hivyo ikiguswa na kitu kidogo tu moshi au vumbi au mafua misuli iliyozunguka mirija inabana na njia inakuwa nyembamba. Ile pampu ya bluu ya kuvuta kwa mdomo, nayo ni salbutamoli, kazi yake ni kuilegeza ile misuli basi, inafungua njia kwa saa chache. Uvimbe hauugusi. Nikamwambia ni kama nyumba yangu inavyovuja mimi kila mvua naweka ndoo na paa silitengenezi, akasema ndio hivyo.

Paa lake ni pampu nyengine, ile ya kuvuta ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, beklometasoni au budesonidi, mara nyingi inakuwa ya rangi ya kahawia lakini rangi inategemea kampuni kwa hivyo soma jina. Hii anapewa kila siku asubuhi na usiku kwa dozi ndogo, abanwe asibanwe, na haifanyi kazi papo hapo, inataka siku na wiki ndio utaona usiku umekuwa mrefu. Akimaliza kuvuta anasukutua mdomo anatema, la sivyo anaweza kufanya utando mweupe mdomoni. Mimi niliposikia steroidi niliogopa, nimesikia watu wanavimba uso. Akaniambia hayo ni ya vidonge na sindano vikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu, hii inakwenda kwenye kifua wenyewe na ni kidogo sana, inaweza kupunguza urefu kwa kama sentimita moja hivi na ndio maana anampima kimo kila akija, lakini mtoto asiepumua usiku wala hali vizuri nae pia hakui. Na miongozo ya pumu inayofuatwa na madaktari duniani, ile ya GINA, tokea 2019 imesema kijana wa miaka 12 kwenda juu asitibiwe kwa dawa ya kufungulia pekee yake, na siku hizi hawa wadogo wa miaka 6 mpaka 11 nao wawe wanapata ya steroidi pamoja nayo. Sasa nenda kwenye maduka ya dawa uone ipi iko na ipi haipo. Ya bluu nimeipata kila mara bila hata kuulizwa nampa nani. Ya pili ilibidi nimuagizie mtu anaerudi na meli kutoka Unguja, na mara mbili ilichelewa.

Halafu akaniuliza pampu moja ya bluu inakaa muda gani. Nikamwambia mwezi na nusu, pengine miezi miwili. Ile pampu ina mipulizo 200. Akanionesha kwenye daftari langu mwenyewe kwamba mwaka ule nimenunua saba, akasema ukiona mtoto anamaliza tatu au zaidi kwa mwaka jua pumu haijatulia na yuko kwenye khatari ya kubanwa vibaya, na wanaofika moja kila mwezi khatari yake ni ya kufa. Mimi nilikuwa nikimaliza moja nafurahi kwamba nimempa dawa.

Na nusu ya dawa yenyewe ilikuwa haimfikii. Alimwambia mtoto nioneshe unavyovuta, mtoto akabonyeza huku kafumba mdomo nusu, moshi wote ukatoka puani na pembeni. Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, hata watu wazima wengi hawawezi, dawa inagota kwenye ulimi na kooni inaishia hapo. Kinatakiwa kile chombo cha katikati, spesa, na sikuwa nimewahi hata kukisikia. Hapakuwa na cha kuuza. Akaniomba chupa tupu ya maji ya nusu lita.

Hichi kisa cha chupa nataka kila mzazi akijue. Afrika Kusini, Cape Town, daktari wa watoto Heather Zar na wenziwe waliwajaribu watoto waliobanwa na pumu, wengine kwa spesa ya kununua wengine kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, wakatoa matokeo mwaka 1999 kwenye jarida la Lancet, na chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ile ya kununua. Kikombe cha plastiki, nacho walikijaribu, ndicho kilichokuwa dhaifu. Chupa inatobolewa kitakoni kwa waya wa moto kwa umbo la mdomo wa pampu, pampu inachomekwa pale, pembeni panazibwa kwa gundi pasipite upepo, mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Unatikisa pampu, unabonyeza mara moja tu, mtoto anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano sita humo humo ndani ya chupa, halafu ndio unatikisa tena na kubonyeza ya pili. Si kubonyeza tano kwa pamoja kama nilivyokuwa nikifanya mimi kwa kihoro. Chupa unaiosha kwa maji na sabuni unaiacha ikauke wenyewe, usiifute kwa kitambaa, maana ukiifuta dawa inanasa kwenye plastiki. Na kabla hujamtengenezea wako mwambie daktari au nesi aione na akuandikie mipulizo mingapi, idadi ya mwanangu si ya mwanao.

Alipomaliza akaandika tarehe. Baada ya mwezi, akasema, hata akiwa mzima, na khasa akiwa mzima. Tulivyorudi aliuliza maswali manne tu kwa wiki nne zilizopita: mchana kabanwa zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna usiku kaamka kwa kifua? Ya bluu imehitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna mchezo kauacha kwa ajili ya pumzi? Halafu akamwambia avute mbele yake, akasahihisha, akapima kimo, tarehe nyengine. Dakika kumi Mhariri, haikuhitaji mashine, haikuhitaji kulazwa wala kupelekwa Unguja. Baadae akasema zikipita kama miezi mitatu ametulia dozi itaanza kupunguzwa kidogo kidogo, na hilo pia huwezi kulifanya kwa mtoto usiemuona ila usiku.

Daftari lilionesha na mengine. Alama nyingi zilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Alkhamisi jioni mimi nafukiza nyumba nzima udi na ubani, nimekuzwa hivyo na mama yangu na bibi yangu, chetezo kinapita chumba hadi chumba na kwenye nguo za watoto, na mtoto analala humo. Nililia nilipoona. Sikuacha kufukiza, nafukiza mchana yeye yuko skuli na madirisha wazi, na chumba chake hakiguswi. Alama nyengine zilijazana msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa mpaka mlangoni na usiku tunakaa sote kuchambua makonyo na yeye katikati yetu, vumbi lile na harufu kali, sasa kazi hiyo hafanyi. Jiko la kuni nimelitoa kwenye veranda nikalipeleka nyuma. Dawa ya mbu ya kuchoma tumeacha, tunatumia chandarua. Godoro la sufi la zamani nililopewa nimelitoa. Baba yake alikuwa anavuta sigara barazani akidhani nje hakudhuru, ameacha, Mungu amlipe.

Skuli ni habari yake. Mwalimu mmoja aliichukua pampu akaifungia kwenye kabati akasema vitu vya kupuliza watoto watachezea, na siku mtoto alipobanwa kwenye mapumziko mwenye ufunguo hayupo. Mwalimu hakuwa na ubaya, hakuambiwa. Nimekwenda nikamuelezea, sasa pampu inakaa kwenye mkoba wake na mwalimu anajua dalili za kukimbia nae spitali: hawezi kusema sentensi, pua zinatanuka, mbavu zinaingia, midomo inageuka rangi, au anasinzia na kifua kimenyamaza ghafla. Hii ya mwisho watu wanadhani kapoa. Hajapoa, hewa haipiti.

Mtaani nako mtu anaambiwa pampu inazoesha, ukianza hutoki, au itampasua moyo. Kuna watu wazima wanakataa kuonekana nayo. Kuna wanaosema ni shetani la kifua, mtoto anapewa kombe na hirizi. Mimi kombe simkatazi mtu, mama yangu anamsomea na mimi naitikia amin, lakini pampu ya asubuhi na ya usiku haikosi. Na Ramadhani watoto wa umri wa wangu wanajifunza kufunga na wazee wanawanyang'anya dawa, jamani ile ya kila siku inaweza kwenda wakati wa daku na wakati wa futari, na akibanwa mchana apewe ya bluu hapo hapo, mgonjwa ana ruhusa yake, mengine tuwaulize masheikh wetu.

Sasa ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa wakuu wa vituo vya Pemba na Unguja. Mtoto aliyebanwa akatulizwa usiku asitoke bila ya tarehe ya kurudi ndani ya siku chache, iandikwe kwenye karatasi ile ile ya dawa. Kila kituo kiwe na siku moja kwa mwezi ya watoto wa pumu, nesi aliyefundishwa anatosha, na kadi ya kukaa na mzazi ambayo kila daktari ataiona hata akiwa mgeni. Pampu ya steroidi isikosekane, hii na ile ya bluu zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si anasa. Na wale wanaojitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani na simu zao, wanatufikia vizuri kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, lakini mtoto akishatimiza mitano hakuna tena anaemuulizia, nao ndio wanaojua nyumba ipi ina mtoto anaekohoa usiku. Waongezewe hawa watoto na yale maswali manne.

Shirika la Afya Duniani limesema mwaka 2019 pumu ilikuwa na watu milioni 262 duniani na ilihusika na vifo 455,000, na vingi katika hivyo ni kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini kama yetu, ambako dawa hazipatikani na ugonjwa hautambuliwi mapema. Huku kijijini ukisikia mtoto kafa usiku watu wanasema kifua kilimbana, basi, anazikwa, hakuna anaeuliza mara ya mwisho alionekana lini na daktari akiwa mzima.

Mwanangu tokea mwezi wa Ramadhani hadi leo nnaandika kaamka usiku mara moja tu, alipokuwa na mafua. Anacheza mpira chuo cha Kurani na skuli. Jana jioni kaja mke wa jirani yule yule mwenye honda, mtoto wake wa miaka minne kaanza kukohoa usiku wiki ya tatu sasa, kaja na chupa mkononi anataka nimtobolee. Sikuitoboa. Nimemwambia aanze kuandika usiku anaokohoa, na Jumatatu tunakwenda nae kwanza apimwe.

Wasalaam,
Mzazi, Wete, Pemba